Pedi za maikrofaiba za kupigia polishi: ipi inakata bila kuacha ukungu kwenye nyeusi?

KijanaWaNkuhungu (Dodoma)

Mbukwenyi wakuu! Heshima zenu.

Nina kibanda cha kuosha na kung'arisha magari hapa Nkuhungu. Wateja wangu wengi ni watu wa ofisi za serikali kule Mtumba. Gari inashinda juani kutwa, inakula vumbi, jioni dereva anapitisha kitambaa kikavu juu ya vumbi hilohilo ili bosi aikute inang'aa. Fanya hivyo mwaka mzima, halafu niletee gari juani saa nne asubuhi: boneti nzima ni miduara ya mikwaruzo. Silalamiki, ndiyo inayonipa ugali.

Mashine yangu ni DA, ile inayozunguka huku inatikisika, mtikisiko wa milimita 15, sahani ya kubandikia pedi ni ya inchi 5. Siku zote nafanya kazi na sponji: ngumu na kompaundi (dawa nzito inayokata mikwaruzo), kisha laini na polishi ya kumalizia. Kwa miduara ya vitambaa sponji inatosha. Shida ni gari zinazotoka fildi, Kondoa huko na Mpwapwa, zimekwaruzwa na miiba ubavu mzima. Unapita na sponji ngumu, unarudia, unarudia tena, mchirizi umepungua nusu tu na mkono umekufa ganzi. Ndiyo nikaingia kwenye pedi za maikrofaiba.

Mezani ninazo tatu. Ya kwanza ina nyuzi fupi zilizobanana, na sponji iliyo nyuma yake ni nyembamba, haifiki sentimita moja. Ya pili nyuzi zake ni ndefu kidogo, sponji ni nene mara mbili ya ile, na ina tundu katikati. Ya tatu ni ya bei chee, ya bluu, haina jina, nilitumiwa kwa basi kutoka Kariakoo. Nyuzi ndefu, zimelegea.

Nimezijaribu kwenye Crown Athlete nyeusi, namba ya rangi kwenye kibati ni 202. Nimegawa boneti kwa maskingi tepu, kompaundi ni moja kwa pedi zote, spidi 5, kivulini. Ya kwanza imekata hadi nimeogopa. Michirizi iliyoishinda sponji imeondoka, lakini imebaki na ukungu wa kijivu, na ukimulika tochi unaona vistari vifupifupi vimejaa. Ya pili imekata kwa wastani, ukungu upo ila mwepesi. Ya tatu imemwaga nyuzi na unga mweupe kila mahali, na kabla sijamaliza kipande chake velkro imeanza kubanduka pembeni.

Kinachonichanganya ni kwamba pedi hiyohiyo ya kwanza niliipeleka kwenye Prado nyeupe na sikuona ukungu wowote. Mteja alifurahi, mimi nikabaki na maswali.

Wenye uzoefu naomba mnisaidie. Huu ukungu unatoka kwenye pedi, kwenye kompaundi, au ni rangi yenyewe? Kuna pedi ya maikrofaiba inayokata na kumaliza kwa mpigo mmoja kwenye nyeusi, au nikubali tu kurudi na sponji? Halafu kompaundi inanikaukia haraka. Upepo wa huku mnaujua.

Nawasilisha.


GrindaMkongwe (Kizota)

Kijana, mimi nimeanza kupiga polishi Dodoma hii barabara za lami zikiwa za kuhesabu. Grinda ya polishi, pedi ya manyoya ya kondoo, kompaundi kwenye kopo, kwisha habari. Manyoya yanakata kuliko hiyo maikrofaiba yako, na hayapandishi joto haraka kwa sababu hewa inapita katikati. Mchirizi wa mwiba dawa yake ni manyoya. Hizo pedi mpya zimetengenezewa mashine zisizo na nguvu.

Jingine, kabla hujalaumu pedi, uliza hiyo Crown imewahi kurudiwa rangi wapi. Gari inashuka bandarini nzuri, inagongwa kidogo, inapigwa kliya, ile rangi angavu ya juu, haraka haraka chini ya mwarobaini, halafu wewe unakuja kusema pedi mbaya.

Na kugawa boneti kwa tepu ni kupoteza muda. Gari ya mteja siyo maabara.


Mama Kliya (Ilazo)

Shikamoo kaka Grinda. Manyoya yako nayaheshimu, na basi la abiria au lori siligusi na kitu kingine. Ila mkabidhi kijana grinda na manyoya kwenye Crown nyeusi, keshokutwa atakuja kuuliza namna ya kutoa ile mikanda ya alama za mashine inayotembea na jua. Halafu ana DA. Tumjibu kwa alichonacho.

Mdogo wangu wa Nkuhungu, kazi uliyoifanya kwenye hiyo boneti wengi hawaifanyi. Nakujibu kwa urefu, vuta kiti.

Ukungu kwanza. Kwenye sponji, unga wa kompaundi unabebwa na uso laini wenye vitundu. Kwenye maikrofaiba unabebwa na nyuzi, maelfu kwa maelfu, na kila uzi una ncha. Ndiyo maana inakata haraka, na ndiyo maana inaacha vile vistari vyako. Hayo siyo mabaki ya mikwaruzo ya zamani, ni alama za nyuzi zenyewe. Rangi ngumu inavumilia. 202 ya Toyota ni laini, inajulikana hivyo kwa mafundi wa kila nchi, ukiipangusa vibaya tu inachorwa. Kwa hiyo kwako pedi kali imekutana na rangi laini, kompaundi yako haina hatia sana. Na ile Prado, ukungu ulikuwepo. Nyeupe inaficha. Siku nyingine mulika kwa ubavu badala ya kutokea juu, utaona mng'ao umefifia.

Mpigo mmoja kwenye nyeusi sahau. Silva, nyeupe, kijivu cha kupauka, beji, hizo pedi yako ya pili na polishi ya kati zinakutosha, na mteja akilipa unapokea bila wasiwasi. Kwenye 202 maikrofaiba ni ya kukata, kumaliza ni kwa sponji laini, polishi nyembamba, spidi ndogo, mkono mwepesi. Hata watengeneza polishi Meguiar's walipoleta mfumo wao wa maikrofaiba kwa mashine za DA mwanzoni mwa miaka ya 2010, walitoa pedi mbili tofauti, ya kukata na ya kumalizia.

Sasa pedi zenyewe. Watu wakishika pedi dukani wanaangalia nyuzi. Mimi naigeuza ubavu naangalia sponji iliyo katikati ya nyuzi na velkro, maana tabia ya pedi iko hapo. Sponji nyembamba ni godoro la bweni: kila ubao wa kitanda unausikia. Nguvu yote ya mashine inafika kwenye rangi, ndiyo maana ya kwanza yako imekukatia hadi ukaogopa. Kwenye boneti, paa na katikati ya mlango hakuna kama hiyo. Ipeleke kwenye fenda ya Crown, pale inapopinda kushuka kwenye tairi, inasimamia ukingo mmoja tu, na ukingo huo ndio unaochoma. Sponji nene inafuata mikunjo, ila inameza sehemu ya mtikisiko kabla haujafika, kwa hiyo inakata kidogo. Hakuna iliyo bora kati ya hizo mbili. Mimi natumia zote kwenye gari moja, nyembamba kwenye bapa, nene kwenye mikunjo, na wanaotafuta pedi moja ya kila mahali wananichekesha.

Tundu la katikati siyo urembo. Joto la pedi linakusanyika katikati, tundu linalipunguza, na gundi inayoshika velkro inaishi zaidi. Ile ya bluu iliyobanduka, gundi yake imeyeyuka. Angalia pia upana: pedi izidi sahani ya mashine pande zote, angalau nusu sentimita, ili siku mkono ukiteleza kwenye kona sahani isiguse rangi. Kuna pedi zimeandikwa inchi 5 na ukizipima ni sawasawa na sahani. Hizo mwachie muuzaji.

Nyuzi zina vipimo viwili vya hapohapo dukani. Pitisha kiganja kikavu, ambacho hakijapakwa mafuta. Maikrofaiba ya kweli ni mchanganyiko wa poliesta na poliamidi, mara nyingi 80 kwa 20 au 70 kwa 30, na kila uzi umepasuliwa kuwa nyuzi nyembamba zaidi. Inang'ang'ania ngozi hadi inakera. Ikiteleza tu, nyuzi hazijapasuliwa, kompaundi itasukumwa huku na huko badala ya kushikwa. Cha pili, beba mswaki mpya, ikwangue pedi mara kadhaa mbele ya muuzaji. Inayotoa nyuzi dukani itatoa nyuzi kwenye gari.

Ila nikuambie kitu kinachozidi uchaguzi wa pedi, maana nina hakika nusu ya ukungu wako umetoka huko. Maikrofaiba inajaa. Kliya unayoikata haiendi mbinguni, inabaki kwenye nyuzi pamoja na kompaundi iliyokwisha kazi, inakuwa kibandiko kigumu, na kuanzia kipande cha pili hupigi tena polishi, unasugua gari na uchafu wake. Kila unapomaliza kipande kimoja, simama, piga pedi upepo wa kompresa huku ukiizungusha kwa kidole, kuanzia katikati kwenda nje. Utaona wingu. Ukiona hilo wingu mara moja hutasahau kulitoa.

Pedi mpya usianze nayo kavu. Paka kompaundi uso mzima, isugue kwa kidole hadi kila uzi uloe, ondoa iliyozidi. Baada ya hapo, kila kipande ni matone matatu au manne ya ukubwa wa choroko. Ukiona pedi yako inarusha unga, mara nyingi umeweka nyingi, siyo chache.

Kuhusu kukauka: Dodoma kuanzia Juni mpaka Novemba hewa ni kavu na mchana upepo haupumziki. Mimi napiga polishi alfajiri, nikimaliza kukata saa nne najihesabu nina bahati. Weka kiganja kwenye boneti. Kama huwezi kukiacha hapo kwa utulivu, rangi ina joto, usiiguse. Punguza kipande. Kwenye video wanafanya nusu mita kwa nusu mita, wewe fanya sentimita 40 kwa 40. Na kompaundi ikianza kushika, usiongeze kompaundi. Pulizia pedi maji kidogo, mvuke tu, endelea.

La mwisho kwa leo. Chora mstari kwa kalamu ya wino mzito kwenye ukingo wa sahani ya mashine. Ukifanya kazi uone mstari unazunguka. Mstari ukisimama, hata kama mashine inaunguruma, hukati, unatetemesha tu na kupasha joto. Ama umekandamiza mno, ama umeinamisha, ama umeme umeshuka. Jioni huku kwetu taa zikiwashwa kila nyumba mashine yangu inalegea kabisa. Nimeweka stabilaiza na mambo yamekaa sawa.


KijanaWaNkuhungu (Dodoma)

Mama, Mungu akuzidishie. Nimesoma nikarudia. Nimechora ule mstari leo, na kweli kwenye fenda ulikuwa unasimama kila nikikandamiza.

Nina mawili matatu. Kompresa sina, ninayo ya kujazia upepo wa tairi tu, ndogo. Inafaa? Pili, pedi nazifua vipi? Maji ya kisima hapa ni ya chumvi, zikikauka zinakuwa ngumu, ukizishika unasikia zinakwaruza. Na gari moja dogo linataka pedi ngapi? Zile nzuri siwezi kununua rundo.


MpimaMaikroni (Singida)

Naomba nichomekee kabla Mama Kliya hajajibu. Nyote mnaongelea pedi inayokata zaidi, hakuna aliyeuliza rangi imebaki kiasi gani.

Mimi ninacho kipima rangi na nakitumia kila gari inayoingia. Rangi ya kiwandani yote, kuanzia praima ya chini kabisa mpaka kliya, kwa kawaida inasoma kati ya maikroni 100 na 150 hivi (maikroni elfu moja ni milimita moja), na kliya yenyewe ndani ya hizo ni 40 hadi 50. Unywele wa mtu ni kama 70. Sasa gari hizi zinatoka Japani zina miaka kumi na zaidi na hujui zimepigwa polishi mara ngapi huko na huku. Pedi nyembamba ya maikrofaiba na kompaundi kali vinatoa maikroni chache kwa mzunguko mmoja, inaonekana kidogo, ila rudia kila mwaka uone. Tena kinga ya jua ndani ya kliya ni ya muhimu zaidi kule juu, ndipo jua linapopiga. Kwa jua letu la katikati ya nchi, ukiipunguza mno paa linaanza kupauka na kubanduka, na hakuna pedi itakayolirudisha. Hapo ni kupiga rangi upya.

Kwa hiyo mkwaruzo wa mwiba pitisha ukucha kwanza. Ukucha ukikwama, mchirizi umeshuka chini kuliko unavyoruhusiwa kufuata. Lainisha kingo zake zing'ae, mwambie mwenye gari ukweli, mwachie hapo. Kuna kaka alinibishia, akaufuata mwiba hadi praima.

Na kwa GrindaMkongwe, kipima hicho ndicho kinachokuambia gari imerudiwa rangi wapi. Mlango mmoja unasoma 120, wa jirani 300, huhitaji kuuliza mtu. Kasoro yake hakisomi bampa za plastiki, kinasoma chuma na alumini tu.


Mama Kliya (Ilazo)

Mpimaji wa Singida umenena, na hiyo ya ukucha ningeisahau.

Naongezea hapo: kijana, angalia pedi yako baada ya kipande cha kwanza. Ikiwa imechukua rangi ya gari, yaani gari nyekundu na pedi imekuwa nyekundu, hiyo gari haina kliya, unakata rangi yenyewe. Toyota nyeupe ya 040 nyingi ziko hivyo, na kwa kuwa ni nyeupe kwa nyeupe huoni kitu. Soma kibati kabla ya kuwasha mashine.

Kompresa ya tairi haina nguvu, itakuchosha. Tumia brashi ya nailoni, ile ya kufulia viatu inatosha, isiwe ya waya. Washa mashine spidi 2, iinue, gusa pedi na brashi kuanzia katikati kuja nje. Brashi haitoi yote ambayo kompresa ingetoa, kwa hiyo badilisha pedi mapema zaidi.

Idadi: gari ndogo kama IST au Crown andaa nne hadi sita za kukata. Prado ongeza. Najua unaona nyingi. Lakini mimi nikiwa na hela ya pedi moja ya jina kubwa, nanunua nne za wastani zilizopita kile kipimo cha kiganja na mswaki. Pedi ya kifahari iliyojaa uchafu inashindwa na ya wastani iliyo safi, kila siku ya Mungu. Hapo ndipo watu wanapolaumu bidhaa za watu bure. Sponji ya kumalizia ndiyo usibanie, hiyo ndiyo mteja anayoiona.

Kufua. Maji ya chumvi yakikaukia kwenye nyuzi yanaacha chokaa, ndiyo huo ukwaruzo unaousikia, na kwenye 202 utauona kwa macho. Fua hayohayo maji ya kisima na sabuni ya maji ya vyombo, maji ya vuguvugu tu, yasichemke kwa sababu gundi itaachia. Suuza mara ya mwisho kwa maji matamu. Mimi nakinga ya mvua Januari na Februari, kiangazi natumia dumu la maji ya kunywa. Dawa ya kulainishia nguo marufuku, inaziba nyuzi. Jiki marufuku. Usiisokote, ikandamize kwa viganja. Kausha ndani, velkro ikiwa juu na nyuzi chini. Ukianika nje Dodoma hii unaanika mtego wa vumbi, na punje moja ya mchanga kwenye pedi ya kukata sitaki hata kuielezea. Zikikauka zikwangue kwa mswaki nyuzi zisimame. Zisiposimama tena, shusha cheo, zikasugue rimu.


GrindaMkongwe (Kizota)

Marahaba Mama Kliya, nilikusoma tangu juzi nikanyamaza. Hayo ya kufua hata manyoya ni hivyohivyo, ila mimi mashine ya kukata sibadilishi.

Nina moja kwako. Nina Harrier hapa, nyeusi pia, bampa la mbele limechorwa lote na vichaka. Grinda kwenye plastiki naiogopa, ilishawahi kuvuta rangi kwenye gari ya jirani yangu hapa gereji. Hizo DA zenu na maikrofaiba zinaingia kwenye bampa?


Mama Kliya (Ilazo)

Zinaingia, kaka, kwa adabu. Plastiki haisambazi joto kama bati, joto linabaki palepale ulipo, na rangi ya bampa ina ulaini wake ili isipasuke ikigongwa. Chukua pedi nene yenye tundu, inchi 3 ukiipata, spidi isizidi 4, mipito michache tu, uguse kwa mkono kila baada ya mpito. Ikipata joto nenda ukafanye fenda, urudi. Ile nyembamba usiilete karibu na bampa kabisa. Kona na mistari ya mwili wa gari funika na tepu, kliya ni nyembamba pale ukingoni. Nakuona ukiibeza tepu ya kijana.

Kabla hujamaliza, futa mafuta ya kompaundi. Mafuta yanajaza mikwaruzo, gari inaonekana imepona, ikioshwa mara mbili mikwaruzo imerudi na mteja yuko getini. Spiriti ya isopropili sehemu moja, maji sehemu nne, pulizia, futa na kitambaa safi cha maikrofaiba bila kukandamiza, kisha uitoe juani uitazame. Jua letu hapa halina mpinzani kwa kuonyesha kasoro. Spiriti nyingine za duka la dawa zina mafuta ndani yake, soma lebo.


KijanaWaNkuhungu (Dodoma)

Crown imerudi leo alfajiri kwa kazi ya kumalizia. Nimeanza na nusu ya boneti: pedi ya kwanza ya nyuzi fupi, brashi kila kipande, halafu sponji laini na polishi nyembamba, spidi 3. Nimefuta na isopropili. Upande huo ukungu haupo, ile nusu nyingine unaonekana hadi mwenye gari ameuona mwenyewe bila kuambiwa. Fenda nimetumia ile ya pili, mstari haukusimama.

Michirizi miwili ya miiba kwenye mlango wa nyuma ukucha ulikwama. Nimemwonyesha, amekubali ibaki.

Mama Kliya, pedi zako za wastani unazitoa wapi? Duka nililokuwa nanunua mimi nikitoa mswaki watanifukuza.


Mama Kliya (Ilazo)

Hahaha, utoe tu mswaki. Mwenye mali nzuri hakatai ikwanguliwe.

Naagiza Kariakoo kwa mtu ninayemfahamu, mzigo unakuja na basi naupokea Nanenane. Natuma oda mwisho wa mwezi huu. Niambie idadi kwa ujumbe wa faragha, nyembamba ngapi na nene ngapi, nitaziunganisha na zangu tugawane nauli. Za bluu siagizi.